Mchicha mweusi, kisamvu cha gesi na maswali mengine ya jikoni

*Mchicha wangu ukiiva unakuwa mweusi, tena unaogelea, wakati sijatia hata tone la maji. Nakosea wapi? (Bibi harusi wa mwezi wa pili, Tabata)*

Maji hayo ni ya mchicha wenyewe. Jani bichi karibu lote ni maji, na ukilirundika kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, kifuniko juu, yatatoka yote na hayana pa kwenda. Weusi nao unatokana na kifuniko. Majani yana asidi zake, na zisipopata njia ya kutoka na mvuke, zinarudi kuua ile rangi ya kijani. Nyanya nyingi zinaongezea.

Anza kwa kuosha majani yakiwa mazima, kisha ndipo uyakate. Ukikata kwanza, vitamini C inamwagika na maji ya kuoshea. Yaache kwenye chungio yajichuje. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka nyanya ikauke na mafuta yajitenge pembeni. Ongeza moto, tia mchicha, geuza, usifunike. Dakika tatu au nne zinatosha, na chumvi iingie mwishoni kwa sababu nayo inavuta maji. Mama mkwe akija akasema haujaiva, mwambie aonje kwanza.

*Kisamvu kinakula gesi! Naweza kukichemsha nusu saa tu nikatia nazi? Na magadi je? (Mama wa watoto wanne, Morogoro)*

Mama, hapa nakuomba usifanye haraka. Majani ya muhogo yana kitu kinachozaa sumu ya sianidi, ile ile ya muhogo mchungu. Habari njema ni kwamba jani lenyewe lina kimeng'enya cha kukivunja. Hivyo viwili vimekaa vyumba tofauti ndani ya jani, na kinu ndicho kinachovikutanisha. Ndiyo maana kisamvu hutwangwa kibichi, tena kitwangwe hasa, si kukatwakatwa kwa kisu. Ukichemsha majani mazima kwanza ili yalainike ndipo utwange, moto umeshakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi.

Ukishatwanga, kiache robo saa au nusu saa. Sumu hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, yaani inaruka kirahisi sana ikipewa nafasi. Basi chemsha kwa maji mengi, sufuria wazi, na usisimame juu yake ukinusa. Baada ya nusu saa ya wazi unaweza kufunika, na hapo ndipo pa kuokoa gesi: hamishia kwenye sufuria la presha, au kwenye jiko la mkaa lililobaki na moto wa maharage. Nazi iingie kikiwa kimelainika kabisa. Tui la pili kwanza, likaukie humo, kisha tui zito, ukikoroga na moto ukiwa chini lisije likakatika.

Magadi yanalainisha na kutunza rangi, ni kweli. Lakini yanaharibu vitamini C, yanaongeza sodiamu kwa mwenye presha, na magadi ya kwetu mengine yana floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Mimi situmii. Bibi yangu alitumia, na kisamvu chake kilikuwa kitamu kuliko changu, nakiri.

*Huku Brussels tunapata sombe (kisamvu kwa Kikongo chetu) ya kugandishwa, imeshatwangwa. Niipike kama ya nyumbani? (Mzaliwa wa Bukavu)*

Ndiyo, isipokuwa kama pakiti inasema imeshapikwa. Kuganda hakuondoi kazi ya moto. Anza na sufuria wazi vile vile. Mawese utakayotia yanafaa: rangi ile nyekundu ni karotini tupu, ile ambayo mwili huigeuza vitamini A, na mwili unaipokea karotini vizuri ikiwa na mafuta. Karanga na nazi za huku kwetu zinafanya kazi hiyo hiyo.

*Majani ya maboga yananikwaruza kooni.*

Hujayamenya. Vunja kikonyo kwenye ncha, vuta uzi ushuke mpaka kwenye jani, rudia pande zote. Kisha yasugue kidogo kwa viganja wakati wa kuosha. Chagua machanga. Jani kubwa kama sahani waachie mbuzi.

*Mume wangu hataki bamia kwa sababu ya utelezi. Mimi naupenda. (Tanga)*

Kuna wanaokula mlenda Dodoma ambao wangemshangaa mumeo. Bamia zake zioshe, zifute zikauke kabisa, zikate vipande vikubwa, zikaange kwenye mafuta ya moto bila chumvi wala maji mpaka ziguse wekundu, ndimu mwishoni. Zako zikatwe ndogo ndogo, zichemke na nyanya chungu. Sufuria mbili, ndoa moja.

*Mnavu wangu ni mchungu mno. Nimwage maji mara ngapi?*

Mara moja, na kwa mnavu mchanga hata hiyo si lazima. Ukimwaga mara tatu umebakiza nyuzi. Uchungu wake utulize kwa maziwa au krimu, kama wanavyofanya Wakenya na managu, au changanya fungu moja la mnavu na mawili ya mchicha. Zile tunda mbichi za kijani zichambue zote uzitupe.

*Na wewe mwenyewe unapenda mboga gani?*

Matembele. Najua si mboga ya heshima, watu wengi wanayaona ya mwisho wa mwezi, na hukatwa bure nyuma ya nyumba ya jirani. Nachuma ncha tu, nayaanika juani kama saa moja yanyauke, maana yakinyauka hayatoi ute. Kitunguu, nyanya moja, dagaa wa kukaanga, tui zito kidogo. Ugali uwe mgumu. Na nikishapakua, simu nazima.