Ufilipino: nenda mijini, na uende ukiwa na njaa

Ukitaja Ufilipino kwa watu wetu, wengi huuliza habari za fukwe. Fukwe zipo, tena nzuri, lakini sisi tuliozaliwa pwani minazi na mchanga mweupe tumevikuta nyumbani. Ninachomshauri kila anayeniuliza ni kwenda mijini: Manila, Vigan, Cebu, na Iloilo kama siku zinaruhusu. Ukifika huko, usitenge siku ya kutazama mambo ya kale na siku nyingine ya kutafuta chakula. Viende pamoja. Kinachopikwa katika mtaa kimeletwa na watu walewale walioujenga, na ukikila hapohapo, miguu ikiwa bado na vumbi la ngome, utaielewa nchi hii kwa namna ambayo vibao vya maelezo haviwezi kukupa.

Nilianza kuipenda nikiwa kazini Doha. Ghuba ndiko Waswahili wengi na Wafilipino hukutana: zamu moja, basi moja la wafanyakazi, jiko moja. Nilipopata likizo niliwauliza wenzangu swali moja tu: ukirudi kwenu, siku ya kwanza unakwenda kula wapi? Uliza hivyo na wewe. Ukimuuliza Mfilipino habari za makumbusho atakujibu kwa adabu. Ukimuuliza wapi kuna lumpia nzuri atachukua kalamu akuchoree ramani.

Nilisafiri na rafiki yangu wa Unguja, Muislamu, kwa hiyo nitagusia pia habari za halali. Nguruwe yuko kila mahali huko, hata ndani ya vitafunio ambavyo hungevishuku.

Manila: anzia ndani ya kuta

Fika Intramuros mapema, saa mbili asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla mabasi ya wanafunzi hayajashusha. Huu ndio mji wa kale uliozungushiwa ukuta wa mawe, ambao Wahispania chini ya Miguel López de Legazpi waliuanzisha mwaka 1571. Msomaji wa Kiswahili atapenda kujua kilichokuwepo kabla yao. Mdomoni mwa Mto Pasig palikuwa na boma la Rajah Sulayman, mtawala Muislamu wa Maynila, na hapohapo Wahispania wakasimamisha Fort Santiago. Ukipita lango la ngome hiyo unakanyaga mji juu ya mji.

Ndani ya ngome fuata nyayo za shaba zilizopachikwa ardhini. Zinaonyesha njia aliyopita José Rizal, daktari na mwandishi aliyewapinga watawala wa Kihispania, kutoka chumba alichofungiwa hadi alikopigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 35. Shairi lake la kuaga alilitoa gerezani likiwa limefichwa ndani ya jiko dogo la spiriti alilowakabidhi ndugu zake. Tembea taratibu juu ya zile nyayo. Ni fupi, hatua ya mtu wa kimo kidogo, na ukijaribu kuzifuata moja baada ya nyingine unalazimika kupunguza mwendo hadi unaanza kutazama kila kitu alichokitazama yeye.

Kisha nenda Kanisa la San Agustin, lililokamilika mwaka 1607. Februari 1945, Wajapani na Wamarekani walipopigania Manila, inakadiriwa raia 100,000 walikufa katika muda wa mwezi mmoja, na makanisa mengine yote ya ndani ya kuta yaliharibiwa. Hili lilibaki. Simama katikati uinue macho: nakshi unazodhani zimechongwa darini ni rangi tupu, kazi ya mafundi wawili wa Kiitaliano mwaka 1875. Nje, langoni, wanakaa simba wa mawe wa Kichina. Legazpi mwenyewe amezikwa humo. Mwispania kaburini, Mtaliano darini, Mchina mlangoni. Ukiielewa picha hiyo umeshaelewa pia sahani utakayoletewa mchana. Mnara mmoja tu umesimama kwa sababu mwenzake uliharibiwa na matetemeko ya karne ya 19. Kukiwa na misa, kaa nyuma au subiri nje. Wenyewe wamo humo kuomba.

Asubuhi hiyohiyo, ukisikia sauti ndefu ya "tahooo", simama. Ni muuzaji mwenye ndoo mbili za bati zinazoning'inia kwenye mti begani. Ndoo moja ina maziwa ya soya yaliyogandishwa laini kama maziwa ya mgando. Nyingine, au kikebe chake kidogo, ina shira ya sukari guru na punje za sago. Anakukwangulia juu juu kwa kijiko bapa, anamimina shira, anakupa kikombe. Kinaliwa moto. Hakina nyama, ni bei ya chini sana, na huuzwa asubuhi. Ukikingoja hadi mchana umekikosa.

Kutoka hapo vuka Mto Pasig kwa miguu juu ya Jones Bridge hadi Binondo. Huu mtaa wa Wachina ulianzishwa mwaka 1594 kwa ajili ya Wachina waliobatizwa, na mara nyingi hutajwa kuwa mkongwe kuliko mitaa yote ya Kichina duniani. Ulikuwa ng'ambo ya mto kwa makusudi: wakuu wa Kihispania waliwahitaji wafanyabiashara hawa, na papo hapo waliwaogopa, wakataka wakae mahali ambapo mizinga ya ngome inawafikia. Pita Mtaa wa Ongpin ukiwa na tumbo tupu. Omba lumpia mbichi, ile isiyokaangwa: chapati nyembamba iliyokunja mboga, karanga za kusaga, vitunguu saumu na sukari kidogo. Nunua hopia, kiandazi kidogo chenye choroko tamu ndani. Muislamu aulize kwanza, kwa sababu hopia nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe na kwa macho huwezi kujua.

Sasa Quiapo, ambako rafiki yangu hatimaye alikula bila kuuliza maswali. Watalii wengi huenda kanisani tu, kwenye sanamu ya Yesu iitwayo Mnazareti Mweusi ambayo kila tarehe 9 Januari huvuta bahari ya watu. Wewe endelea mbele kidogo hadi Msikiti wa Dhahabu, uliojengwa mwaka 1976, na mitaa inayouzunguka. Hapo wanaishi Wamaranao na Waislamu wengine waliotoka Mindanao, kisiwa cha kusini, na vibanda vyao vina chakula ambacho mtu wa pwani atakitambua kwa harufu kabla hajakaa: kuku wa tui la nazi na manjano, rendang (nyama iliyokaushwa ndani ya tui na viungo), samaki wa pilipili. Usiondoke bila kuonja palapa. Ni kitunguu cha majani, tangawizi na pilipili vilivyopondwa pamoja na nazi iliyokaangwa, kijiko kimoja pembeni ya wali. Kama huna fedha nyingi omba pastil, wali uliofungwa kwenye jani la mgomba pamoja na kuku aliyechambuliwa nyuzinyuzi. Quiapo kuna msongamano na kuna wezi wa mifukoni. Simu iwe mfuko wa mbele, mkufu ubaki hotelini.

Jinsi ya kula kwa mama ntilie wao

Vibanda vyao vya chakula huitwa carinderia. Sufuria zimepangwa mbele, unafunua mifuniko, unanyoosha kidole. Hakuna anayekuharakisha. Nenda kati ya saa tano na saa sita mchana, chakula kikiwa kimetoka jikoni. Saa nane utakuta mabaki yaliyopoa. Mwanamke mwite "ate", mwanamume "kuya", na tia neno "po" mwisho wa sentensi, hata ukisema Kiingereza. Uso unabadilika palepale. Wanakula kwa kijiko na uma, lakini ukila kwa mkono hakuna atakayeshangaa.

Adobo ndiyo ya kuanzia, nyama iliyopikwa kwa siki, soya, kitunguu saumu na majani ya bay. Ipo ya kuku na ipo ya nguruwe, na zikikaa bakulini rangi ni ileile. Asiyekula nguruwe asiridhike na jibu la "hii si nguruwe", kwa kuwa mchuzi wa mboga huenda una vipande vyake. Aulize kwa lugha yao: "May baboy po ba?", yaani kuna nguruwe? Akijibiwa kwa kusitasita, achukue samaki wa kuchoma na wali. Hatapungukiwa kitu.

Vigan: nchi nzima ndani ya kiandazi kimoja

Vigan iko kaskazini, safari ya usiku mzima kwa basi kutoka Manila. Beba sweta, kiyoyozi chao hakina huruma. Mji ulianzishwa mwaka 1572 na Juan de Salcedo, mjukuu wa Legazpi, na mwaka 1999 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mtaa wa Calle Crisologo umetandikwa mawe na magari hayaruhusiwi. Ni waenda kwa miguu na mikokoteni ya farasi tu. Nyumba zake ni za mawe chini na mbao juu, madirisha yake yametiwa magamba mapana ya chaza badala ya vioo, na mwanga unaopenya ni wa rangi ya maziwa. Ziliwahi kuwa za matajiri waliochanganya damu ya Kichina na ya kienyeji. Lala humo usiku mmoja. Wageni wa mchana wakishaondoka na taa zikawashwa, mtaa ni wako.

Lakini shughuli yenyewe iko Plaza Burgos jioni, kwenye empanada. Mpishi anachukua donge la unga wa mchele lililotiwa rangi ya chungwa kwa mbegu za bixa, hizihizi zinazolimwa Kwale. Analisukuma juu ya jani la mgomba hadi linakuwa jembamba sana, anaweka papai bichi lililoparwa, anapasua yai juu yake, anaongeza soseji ya kienyeji, anakunja, anakata ukingo kwa mduara wa sahani, na kuitumbukiza kwenye mafuta. Inatoka ikipiga kelele. Unaimwagia siki ya miwa yenye vitunguu na pilipili, unauma, na yai bado ni laini.

Sasa fikiri. Jina la Kihispania. Bixa na papai asili yake ni Amerika, na kati ya mwaka 1565 na 1815 meli kubwa za Wahispania zilipishana baina ya Acapulco na Manila, zikileta fedha na mazao ya huko. Mchele na miwa ni vya kwao wenyewe. Mitungi ya udongo ya kuvundikia siki bado inafinyangwa mjini humo, kwenye viwanda vya Pagburnayan, kwa ufundi wa Kichina. Nenda ukavione. Hakuna makumbusho niliyoingia Ufilipino yaliyonieleza biashara ile vizuri kama kiandazi hiki. Asiyekula nguruwe anaweza kuagiza ya mboga na yai, ila ajue kikaango ni kimoja. Rafiki yangu aliiacha, na nilimwelewa.

Cebu, na mtu tunayemjua

Mjini Cebu vitu vikubwa viko karibu karibu: msalaba wa Magellan ndani ya kibanda chake, Basilika la Santo Niño ubavuni, ngome ya pembe tatu ya San Pedro kwa miguu kidogo. Asubuhi moja inatosha. Kisha ingia soko la Carbon ukanunue puso, wali unaopikwa ndani ya kifuko kilichosukwa kwa makuti mabichi, vikining'inia kwa vishada. Lechon ya Cebu, nguruwe mzima wa kuchoma aliyejazwa mchaichai, inasifiwa nchi nzima, na kwa anayekula, sifa hizo ni za haki.

Mimi ningekupeleka zaidi Mactan, kisiwa cha jirani, ng'ambo ya daraja. Tarehe 27 Aprili 1521 wapiganaji wa Lapulapu, mkuu wa huko, walimuua Ferdinand Magellan, baharia Mreno aliyewatumikia Wahispania. Mwaka 1505 Magellan alikuwa katika msafara wa Mreno Francisco de Almeida, msafara uleule uliopora Kilwa na kuichoma Mombasa. Nilisimama katika bustani ile ya kumbukumbu, penye mnara wa Magellan na sanamu ya Lapulapu, nikiwaza mji wangu. Wageni wa Kizungu hupiga picha za dakika mbili na kuondoka. Mtu wa pwani yetu ana sababu ya kukaa.

Karibu na bustani kuna migahawa ya sutukil. Unachagua samaki barafuni, wanampima, wanampika kwa njia tatu: sehemu ya kuchoma, sehemu ya supu, sehemu ya kulowekwa mbichi kwenye siki na tangawizi. Kubaliana bei ya kilo na bei ya mapishi kabla samaki hajaondoka kwenye mizani, na hakikisha umeiona mizani yenyewe.

Iloilo nitaigusa tu. Mwaka 2023 UNESCO iliutambua kuwa mji wa upishi, na batchoy, supu ya tambi ya soko la La Paz, imeujengea jina. Kwetu la kupendeza ni mchuzi wao wa mbaazi na fenesi bichi, ingawa nao kwa kawaida una nguruwe.

Mambo ya kujiandaa

Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya kutembea. Machi hadi Mei mawe ya Intramuros yanachoma, na kuanzia Juni kuna vimbunga. Jaza fomu ya kuingia nchini, eTravel, mtandaoni kabla ya kuondoka, haina malipo, na ukiambiwa ulipe umeingia tovuti ya matapeli. Kutoka kwetu beba kadi ya homa ya manjano na tiketi ya kurudi. Baadhi ya makumbusho hufungwa Jumatatu. Kabla ya kupanda mkokoteni wa farasi, taja bei ya safari nzima na uulize kama ni ya mtu mmoja au ya wote.

Na kama unapita Manila tu, una saa kumi za kusubiri ndege ya pili na unaruhusiwa kutoka uwanjani, usilale kwenye viti. Acha mzigo, chukua gari la Grab, teksi ya kuitwa kwa simu, hadi San Agustin, tembea hadi Fort Santiago, vuka daraja, kula Binondo, na saa nne kabla ya ndege yako uwe umeshapanda gari la kurudi. Msongamano wa Manila hauna urafiki na mtu.