Kona ya Fundi: laptopu inayopinduka, unalipia nini hasa?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati, sekondari ya kata huku Rungwe. Kishikwambi ninacho, vile walivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, ila kutungia mtihani humo ni mateso. Michoro ya saketi na ya miale ya mwanga naichora kwenye karatasi, naipiga picha kwa simu, naibandika kwenye Word ikiwa imepinda na ina kivuli cha mkono wangu. Sasa duka moja hapo Mwanjelwa wananiuzia laptopu inayopinduka mpaka nyuma ikawa kama kishikwambi: inchi 14, prosesa Core i5-1135G7, RAM GB 8, SSD GB 256, kwa 1,250,000. Ya kawaida yenye sifa hizohizo ni 950,000. Hiyo laki tatu ya juu ni halali?
Mwalimu, Tukuyu

JIBU: Salama, mwalimu, poleni na mvua. Hiyo laki tatu usiilipe kwa ajili ya kupinduka. Ilipe kwa ajili ya kalamu. Kama kalamu haimo, au imo lakini inaandika ovyo, chukua ile ya 950,000 urudi Tukuyu na chenji yako.

Laptopu za aina hii zilianza kuvuma 2012, Lenovo ilipotoa Yoga yenye bawaba za kuzunguka nyuzi 360, na kampuni nyingine zikafuata. Tangu hapo muuzaji hufanya igizo lilelile: anaikunja mgongo kwa mgongo, anakukabidhi mkononi, unaifurahia. Lakini mashine ya inchi 14 ina karibu kilo moja na nusu, na kishikwambi cha kawaida hakifikii hata nusu ya uzito huo. Jaribu kushika pakiti ya unga wa kilo na nusu kwa mkono mmoja huku unasoma muhtasari wa somo, uone kama utamaliza ukurasa wa pili. Tena ukiikunja, vitufe vinakuwa upande wa chini. Havitaandika kitu, maana mashine huvizima yenyewe, lakini vidole vyako vitakuwa vinavipapasa muda wote, na ukiilaza mezani vitalala kwenye vumbi la chaki. Ya kusomea kitandani iwe kishikwambi chako.

Kwako wewe faida iko kwingine: kuilaza bapa juu ya meza na kuchora lenzi, betri, kipinga, mchoro ukae palepale kwenye karatasi ya mtihani. Mwalimu wa historia ningemkataza kabisa kutoa laki tatu. Wewe sikukatazi, mradi uifanyie majaribio kabla ya kutoa hela.

Kwanza, skrini kuitikia kidole haina maana kwamba inapokea kalamu. Zile kalamu za bei chee zenye mpira mwishoni ni kidole kingine tu, na ukiegemeza kiganja wakati unaandika, mistari itajichora yenyewe. Unayoitaka ni kalamu ya umeme, ambayo skrini inaitambua na kuacha kusikiliza kiganja. Ingia kwenye Settings, kisha System, kisha About, utafute mstari unaoanza na Pen and touch. Ukikuta umetaja touch peke yake bila pen, hapo muuzaji hana la kukueleza. Ukitaja zote mbili, mwambie alete kalamu inayoendana na mashine hiyo. Kalamu za umeme haziingiliani zote: ya kampuni hii inaweza ikawa kijiti tu kwenye mashine ya kampuni ile. Na uliza kama iko ndani ya bei, maana mara nyingi haimo.

Kalamu ikishapatikana, omba rula. Usicheke. Weka rula mshazari juu ya skrini, chora mstari polepole sana. Haraka haraka kila kalamu inachora vizuri. Ni kwenye mwendo wa pole na mshazari ndipo kalamu dhaifu inapotetemeka na mstari unatoka kama mawimbi ya Ziwa Nyasa. Kwa mtu wa miale ya mwanga, mstari wa hivyo haufai. Halafu shika alama yoyote ya programu kwa kidole, iburute kutoka pembe mpaka pembe, safu kwa safu. Ikidondoka mahali palepale kila ukipita, skrini imekufa hapo. Rudia ukiwa umechomeka chaja, kwa sababu chaja bandia hufanya skrini ijiguse yenyewe, na mtu akadhani ina mashetani.

Sasa bawaba. Ndizo zinazoniletea wateja, kwa hiyo nina maslahi, lakini nitasema. Kwenye mashine za bei ya kati bawaba za chuma hukazwa kwa skrubu kwenye vijikombe vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki. Bawaba ikikaza kupita kiasi, kila ukifungua unavuta vile vijikombe, mpaka siku plastiki inapasuka. Ifungue polepole ukitazama pembe za chini za skrini: ganda likiachana hata kama unene wa ukucha, ondoka. Ukishainunua, fungua kwa kushika katikati ya ukingo wa juu, si pembeni. Na ujue kwamba kioo cha mguso kwenye nyingi ya hizi kimegandishwa na skrini yenyewe. Kikipasuka, hubadilishi kioo, unabadilisha vyote viwili, na bei yake itakukumbusha hiyo laki tatu. Watoto wa darasani wasiishike.

Betri: muuzaji atakwambia saa kumi. Wewe tafuta namba ya Wh (wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba) iliyoandikwa kwenye betri au kwenye maelezo ya mashine. Tuseme ni 41. Kwa kuandika na kusoma, mashine kama hiyo inakula kama wati 7, kwa hiyo utapata karibu saa sita. Ukiongeza mwanga na intaneti ikafika wati 10, ni saa nne. Kama imetumika, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, usome faili itakayojitengeneza. Linganisha uwezo iliozaliwa nao na uwezo ilionao leo. Chini ya asilimia 70, punguziwa bei. Ikiwa inachaji kwa tundu la USB-C ni nafuu kubwa siku umeme ukikatika, maana pawabenki yenye nguvu ya kutosha inaweza kuisukuma.

Prosesa ni nzuri, kizazi cha 11, haitakuangusha. Kuhusu RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, uliza kama ina nafasi ya kuongeza au imechomelewa kwenye ubao mkuu wa ndani. Na uangalie tundu la HDMI kama shuleni mna projekta.

Njia ya tatu, ambayo dukani hawataitaja: nunua ya 950,000, halafu tafuta kibao cha kuchorea cha USB, hizi za Wacom au Huion zisizo na skrini. Unachora kwenye kibao, mchoro unatokea kwenye laptopu. Mkono unachukua muda kuzoea kuchora huku macho yako kwingine, lakini gharama iko chini sana ya laki tatu, na kibao kikiharibika laptopu inaendelea na kazi. Kama unatungia mitihani mezani nyumbani tu, mimi ningeenda njia hiyo.

SWALI: Kamwene fundi. Nauza mbao Mafinga. Kijana wangu anasema ninunue hiyo ya kukunja niwe natembea nayo yadi nikihesabu mzigo.
Mama wa mbao, Mafinga

JIBU: Kamwene mama. Kijana anaitaka yeye. Skrini nyingi za laptopu hizi za bei ya kati zina mwanga wa niti 250 tu (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini) na zinang'aa kama kioo, kwa hiyo juani utajiona wewe mwenyewe badala ya hesabu. Vumbi la mbao litaingia kwenye feni na chini ya vitufe. Hesabu mzigo kwa simu au daftari, laptopu ya kawaida ibaki ofisini, mbali na msumeno.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya. Nimepata ya kupinduka, imetumika, i5-7200U, kwa 480,000. Nichukue?
Mwanafunzi, Iyunga

JIBU: Marahaba. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya i5: ni 7, kizazi cha saba. Windows 11 inaanzia kizazi cha nane kwa prosesa za Intel za aina hiyo, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kama unaijua Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, au uko tayari kujifunza, inafaa, ila mshushe bei kwanza. Kama huijui, tafuta yenye i5-8250U au ya juu yake, hata kama haipinduki.