Hoki ya ndani: mpira hauchapwi

Buda, umeuliza kama unaweza kuchapa mpira vile mlizoea kule uwanja wa hoki wa City Park, Nairobi, zii, ndani hakuna kuchapa kabisa, ni kusukuma na kufliki tu (kufliki ni kuusukuma mpira ukiinuka), na mpira hauinuki kutoka sakafuni isipokuwa unashuti goli ukiwa ndani ya D, ile nusu duara mbele ya goli. Mko sita, golikipa akiwa mmoja wenu, mbao za kando unazitumia kama mchezaji wa ziada, unaugongesha pale unaurudia mbele, tamu sana hiyo. Ukianguka hata goti likiwa chini usiguse mpira. Kuja na raba za soli isiyoacha alama, shingadi za kukinga miguu na kinga ya meno. Na tafadhali zamu yako ya kurefa ikifika usitoroke, mbao pia hazijipangi.