Kimbunga kinakuja: kuku wa uani, paa lao na maranda yao

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani ya Tanzania, mvua ilikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam pale Somanga, Kilwa. Kwa mwenye kuku 20 nyuma ya nyumba, hali kama ile ina sehemu mbili, na wengi hujiandaa kwa moja tu, ile ya upepo. Bati likibaki juu wanamshukuru Mungu na kwenda kulala. Kumbe mara nyingi kinachomaliza kuku ni siku nne tano zinazofuata: maranda yamelowa, pumba imeota ukungu, vifaranga wamekosa joto.

Paa kwanza, maana ndilo lisilosubiri. Banda la pwani hujengwa wazi kwa ajili ya joto, ukuta mfupi chini na waya wa kuku juu. Uwazi huohuo ndio unaoliezua. Upepo unaingia upande mmoja, haupati pa kutokea upesi, unasukuma bati kutoka ndani huku ule unaopita juu ukilivuta. Mara nyingi si bati moja linalong'oka; papi nzima (ubao unaopigiliwa bati) huondoka na bati zake, kwa kuwa ilishikiliwa na msumari mmoja tu kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa. Chukua waya wa kufungia nondo, zungusha mara tatu au nne kila papi inapokutana na kenchi na kila kenchi inapokaa juu ya nguzo, kisha kaza kwa plaizi. Ongeza misumari ya bati kwenye pembe na kingo, kila tuta la pili, kwa sababu bati huanza kufunukia pembeni. Usiweke mawe juu. Bati likifunuka, jiwe linaangukia kuku. Bora viroba vya mchanga vilivyofungwa viwiliviwili kwa kamba, kimoja kila upande wa mgongo wa paa. Na kama mnazi umeinamia banda, angua nazi zote, madafu pia.

Kuziba waya kwa turubai kunahitaji akili kidogo. Watu huziba upande wa baharini tu. Kwetu kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikiwa bado baharini mashariki yako, upepo unakujia kutoka kusini. Kikitua kaskazini yako, unageuka na kutoka mashariki. Kikitua kusini yako, unatoka bara. Kwa hiyo andaa pande zote nne, turubai au viroba vilivyoshonwa, vikipigiliwa kwa vipande vya ubao ili visichanike kwenye tundu za misumari. Juu kabisa, chini ya paa, acha nafasi ya sentimita 15 hadi 20 upande ambao upepo hautoki kwa wakati huo. Ukiliziba banda kabisa, hewa ya mbolea inawachoma macho na mapafu, na joto la kuku waliobanana linaweza kuua kabla ya upepo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kazi ya paa na mfereji ifanyike kwenye angalizo, jua likiwepo. Ikifika tahadhari kubwa na banda ni la miti na makuti, usishindane nalo. Waingize kuku ndani ya nyumba, chumba cha stoo au jikoni. Wakamate magharibi wakishapanda kulala, wanakuwa watulivu. Tenga la kawaida la kusafirishia kuku linaweza kubeba kumi na zaidi sokoni, lakini kwa kukaa usiku kucha weka wanane, na jogoo kila mmoja peke yake. Usichanganye kuku wako na wa jirani katika chumba kimoja, hata kama ujirani mwema unakusukuma kufanya hivyo. Msongo na kubanana ndiyo njia rahisi ya mdondo (kideri) kuenea, na kuchanja siku ile hakusaidii, kwani kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Chanjo ya tone la jicho kila miezi mitatu ndiyo inayokulinda siku kama hiyo.

Sasa maji ya chini. Chimba mfereji upande wa mlimani, upana na kina sentimita 30, mita moja kutoka ukutani ili usidhoofishe msingi, na uelekeze mbali na kisima. Sakafu iliyo sawa na uwanja itaingia maji hata kwa mvua ya kawaida ya masika. Iinue kwa kifusi kilichoshindiliwa. Ukishindwa, hakikisha vichaga vya kulalia viko juu na imara. Kuku mkubwa anaweza kuvumilia usiku mmoja juu ya kichaga kukiwa na tope chini. Akilowa manyoya na kupigwa na upepo ndipo anapokwisha.

Weka magunia mawili matatu ya maranda makavu au pumba za mpunga ndani ya nyumba kabla ya mvua. Hili watu hulipuuza, halafu baada ya dhoruba hakuna maranda makavu mtaa mzima. Vijidudu vya koksi vinavyotoka kwenye kinyesi huhitaji unyevu na joto, na ndani ya siku moja au mbili huwa tayari kuambukiza. Utaona vifaranga wanajikunyata na kuhara damu. Kwa hiyo usifunike maranda yaliyolowa kwa mapya. Zoa yote, acha sakafu ikauke, ndipo umwage mapya sentimita 5 au zaidi.

Chakula: kuku mkubwa hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, hivyo kuku 20 wanahitaji takriban kilo 25 kwa siku kumi, ambazo barabara ikikatika utazishukuru. Hifadhi kwenye pipa lenye mfuniko, juu ya mbao. Chakula kilichoota ukungu tupa, usikianike na kulisha. Sumukuvu haiondoki kwa jua. Jaza pia madumu ya maji safi, kwani madimbwi ya mafuriko yamebeba maji ya vyoo.

Vifaranga ni habari nyingine. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzijoto 32 hadi 35, na umeme ukikatika bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, inapoa upesi. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua kimyakimya, vifaranga na watu. Tumia chupa za lita moja na nusu zilizojazwa maji ya moto yasiyochemka (yakichemka chupa hujikunja), zifunge kwa kanga kuukuu, zilaze katikati ya boksi, na uzibadilishe zikipoa. Ziba pembe za boksi kwa kipande cha katoni ziwe mviringo, la sivyo watarundikana pembeni na wa chini watakosa hewa.

Kukipambazuka, angalia nyaya za umeme zilizoanguka kabla hujagusa bati lolote. Kuku aliyelowa mkaushe kwa kitambaa, mweke kwenye boksi lenye joto, mpe maji yenye glukosi akiweza kunywa mwenyewe, usimmiminie mdomoni. Waliokufa wazike kwa kina cha nusu mita au zaidi, mbali na kisima, wala wasichinjwe kwa ajili ya mboga. Vifo vikiendelea siku ya tatu, mwite afisa mifugo.

Usiku wa kwanza baada ya dhoruba, siafu waliofukuzwa na maji hutafuta pakavu, na kuku anayeatamia hawezi kukimbia. Mzungushie majivu makavu kiota chake na upite na tochi kabla ya kulala.