Mkuu wa idara akitaka umwongezee mwanafunzi alama

Mwalimu, nimekuelewa: bosi amepiga simu akitaka mwanafunzi mwenye 38 apewe 50, nawe bado uko kwenye kipindi cha majaribio ya kazi. Usibishane naye kwa simu. Mwandikie barua pepe ya heshima: "Kufuatia mazungumzo yetu, naomba maelekezo hayo kwa maandishi." Huenda akanywea hapohapo.

Kisha pendekeza karatasi isahihishwe upya na mwalimu mwingine, jina likiwa limefunikwa. Kama kweli ulimpunja, alama zitapanda kihalali, na huo pia ni wajibu wako kwake. Tunza nakala ya karatasi na mwongozo wa usahihishaji. Mwanafunzi mwenyewe usikutane naye faragha.

Ukianza kutishiwa kazi, muone mwanasheria au chama cha wafanyakazi kabla hujasaini chochote.