Satelaiti za wanafunzi: jibu kwa mleta mada, ni refu mnivumilie

Wakuu habari za jioni. Mleta mada kasema mdogo wake kachaguliwa chuo hapa Dodoma, uhandisi wa mawasiliano, na dogo kichwani ana satelaiti tu, sasa kaka mtu anataka kujua kama wanafunzi na malekchara wamewahi kufanya la maana kwenye mambo ya anga au amshauri dogo ahamie uhasibu mapema. Mdau mmoja hapo juu akamjibu kwamba satelaiti za vyuo ni tumaboksi twa kupigia picha na waziri, baada ya hapo kimya. Mi nilikuwa napita tu ila hapo kwenye tumaboksi ikabidi nisimame.

Ni kweli ni tumaboksi. Sentimita 10 kila upande, uzito kilo moja na kidogo. Ila muulize kwanza nani aliamua viwe hivo. Ni maprofesa wawili Marekani mwaka 1999, Bob Twiggs wa Stanford na Jordi Puig-Suari wa Cal Poly, na shida yao ilikuwa ya chuo kabisa, mwanafunzi wa masters anakaa miaka miwili anaondoka wakati satelaiti kubwa inachukua miaka kibao, kwahiyo unafundisha watu ambao hawaoni kazi yao ikiruka. Wakapunguza boksi mpaka liishe kabla mwanafunzi hajahitimu. Za kwanza zikaruka 2003, na leo mpaka makampuni makubwa yanatumia vipimo hivohivo vya darasani. Boksi ni dogo kwa sababu ya kalenda ya masomo mkuu, sio kwa sababu ya kamera za waziri.

Sasa ya kwangu. Mi nilisoma chuo kimoja hukuhuku kanda ya kati, sitakitaja, na sasa hivi napanda minara ya simu, leo Manyoni kesho Kondoa. Mwaka 2018 tukiwa wa tatu tulikuwa watano tunakutana chumbani kwa jamaa mmoja Ng'ong'ona, hakuna aliyetutuma na hakuna maksi. Hela ya bumu ilipotoka tukachangishana tukaagiza kile kidude kinachochomekwa kwenye laptopu kama flashi, kimetengenezwa kwa ajili ya kuangalia TV lakini watu waligundua kinaweza kusikiliza mawimbi ya aina nyingi. Antena tulitengeneza wenyewe, vipande viwili vya waya mgumu wa aluminiamu kila kimoja sentimita 53 na pointi, vimefungwa kwenye bomba la plastiki la maji, vimepanuka kama herufi V, nyuzi 120 kati yao. Waya wa kuunganishia tulichomoa kwenye dishi la mama mwenye nyumba, tukarudisha jioni, hakujua mpaka leo.

Chumbani haikushika kitu, kelele tupu. Taa za bei rahisi, chaja, mashine ya sola ya jirani, vyote vinapiga kelele kwenye masafa yale. Kwahiyo tukapanda kilimani alasiri moja mwezi wa saba, na mnaojua Dodoma mwezi wa saba mnajua upepo wake, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Mmoja kashika antena kwa mikono miwili, mmoja kafunika laptopu kwa kanga aione skrini, mimi nahesabu saa. Satelaiti ilikuwa NOAA-19 ya Wamarekani ya hali ya hewa, megahezi 137.1.

Mwanzo unasikia kelele za kawaida, shhhh, alafu ndani yake kwa mbali inaanza tik-tok, tik-tok, kama saa ya ukutani yenye mafua, inakuja juu taratibu mpaka kelele zinaisha kabisa. Kila tik na tok yake ni mstari mmoja wa picha, mistari miwili kwa sekunde. Na picha ikaanza kujichora chini ya skrini mstari kwa mstari, ikaja kichwa chini miguu juu kwa sababu satelaiti ilikuwa inatoka kusini inaelekea kaskazini, kwahiyo tuliona Nyasa kwanza, alafu ule mchirizi mweusi wa Tanganyika, mwisho Victoria kama doa la chai kwenye kitambaa. Aisee. Jamaa aliyeshika antena hakuwa anaona skrini, anapiga kelele tu "kuna nini, kuna nini", hakuna anayemjibu. Dakika kumi na kitu ikazama nyuma ya kilima, tik-tok ikamezwa na shhhh, tukabaki tunaangaliana.

Na hapo ndo somo la Doppler liliniingia, lile nililoandika kwenye mtihani bila kulielewa. Satelaiti inakimbia kilomita 7 na nusu hivi kwa sekunde, ikija kwako masafa yanapanda kidogo, ikikupita yanashuka, kama honi ya basi la mkoani inavyobadilika sauti likikupita barabarani. Kwenye megahezi 137 inahama kilohezi 3 kila upande, unaiona kabisa kwenye skrini ule mstari unavyopinda. Lekchara alituchorea ubaoni wiki mbili, kilimani ilichukua dakika moja.

Tukapata kichwa, tukasema sasa tutengeneze chetu. Hatukuwa na wazimu wa kusema satelaiti, tulitengeneza ile ya kopo la soda, wazo la huyohuyo Twiggs, yaani vitu vyote vya satelaiti, betri, kompyuta ndogo, vipima joto na mgandamizo, redio, vinakaa ndani ya kopo, unakidondosha kutoka juu kwa mwavuli kinakutumia taarifa kikishuka. Siku ya kupima umbali tukaliweka kopo juu ya kilima kimoja, sisi tuko upande wa pili wa bonde kama kilomita nne. Taarifa zinakuja safi, joto, mgandamizo, tukashangilia. Alafu tukatuma amri ya kulinyamazisha ili lisimalize betri. Halijanyamaza. Tukatuma tena. Wapi. Tulikaa robo saa ndo mmoja akashtuka, ile redio ndogo haiwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja, na kwenye programu tulisahau kuliwekea kopo muda wa kutulia lisikilize. Lilikuwa linaongea mfululizo, limejiziba masikio lenyewe. Ikabidi tuchukue bodaboda tukalizime kwa mkono, shilingi elfu sita kwenda na kurudi, hela ya msosi wa siku mbili ile.

Miezi baadae nasoma habari za chuo cha Surrey Uingereza nikacheka peke yangu. Wale kina Martin Sweeting walitengeneza UoSAT-1 palepale chuoni ikaruka Oktoba 1981, na 1982 kosa la programu likaacha mitambo yake yote miwili ya kurusha mawimbi imewaka kwa pamoja, kelele yake yenyewe ikaziba kipokeo cha amri. Yaani kopo letu kabisa. Tofauti ni kwamba satelaiti huwezi kuifuata na bodaboda. Walihangaika kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa, mwisho wakasaidiwa na dishi kubwa la mita 46 kule Stanford ndo amri ikapenya, ikapona ikaendelea na kazi. Watu hao baada ya kosa la namna ile walipewa nafasi nyingine, UoSAT-2 ikaruka 1984, na 1985 wakafungua kampuni kabisa kutoka chuoni, imetengeneza satelaiti za nchi nyingi, ile ya kwanza ya Nigeria ya 2003 ikiwemo.

Sasa sisi. Sisi tulihitimu. Programu ilikuwa kwenye laptopu ya jamaa mmoja, akaenda nayo kwao Tarime ikafa na kila kitu. Lekchara pekee aliyekuwa anakuja kilimani akaenda masomoni nje. Kopo na vifaa vyote tulikabidhi idara kwa barua na muhuri, vikafungiwa stoo, na mwaka 2021 nilipopita kusalimia nikamkuta kijana wa mwaka wa tatu anahangaika kujua redio ileile kwanini haisikii amri. Kosa lilelile mkuu. Nilimwelezea nikiwa nimesimama mlangoni, dakika tano, na jibu lilikuwa stoo mita ishirini kutoka alipokaa ila funguo alikuwa nayo mtu ambaye hayupo. Hapo ndo nilikasirika, na nikiwa mkweli tulijikasirikia wenyewe pia, maana watu watano hatukuandika hata kurasa mbili.

Kwahiyo mdau wa tumaboksi, kitu cha kuuliza kuhusu chuo ni kama kazi ya waliotangulia inawafikia wanaofuata, na Afrika mifano ipo. Stellenbosch Afrika Kusini walianza SUNSAT mwanzoni mwa miaka ya 90, wanafunzi wa shahada za juu wakawa wanapokezana, mmoja anaondoka mwingine anachukua pale alipoishia, na Februari 1999 ikaruka, kilo 64. Waliotoka pale wakafanya kampuni, 2009 wakarusha SumbandilaSat. Chuo cha KwaZulu-Natal, hukohuko Afrika Kusini, wao ni roketi, Machi 2021 ya kwao ilifika karibu kilomita 18 juu, na kabla ya hapo walishapata za kufeli, wakarudi mezani. Kwenye roketi wenye sifa zaidi ni wanafunzi wa chuo cha USC kule California, Aprili 2019 roketi waliyoibuni na kuitengeneza wenyewe kwa hesabu zao ilivuka kilomita 100, mpaka wa anga za juu, kikundi kilichoanzishwa tangu 2005, hesabu ni vizazi vingapi vya wanafunzi hapo vilihitimu bila kufika.

Jirani zetu nao. Chuo Kikuu cha Nairobi boksi lao, 1KUNS-PF, lilitolewa kutoka kwenye kituo cha anga cha kimataifa Mei 2018 kupitia nafasi ya Wajapani na Umoja wa Mataifa, walishirikiana na chuo cha Sapienza cha Roma. Na hapa nipenyeze kitu nakipenda sana, chuo hichohicho cha Roma ndo kilikuwa kinaendesha lile jukwaa la kurushia roketi baharini pale Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa pale satelaiti ya NASA ya kutafuta miale ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru kwa sababu Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru siku ile. Mpaka leo wanaastronomia dunia nzima wanataja neno letu wakitaja orodha ya vyanzo vya eksirei ilivyoviona. Kutoka 1970 mpaka 2018, ukiuliza uhusiano unavyotunzwa ndo huo.

Na Wajapani wa chuo cha Kyutech wana utaratibu mzuri, wanachukua wanafunzi hasa kutoka nchi ambazo hazijawahi kurusha, wanawakalisha pamoja wanatengeneza, wanarudi kwao wakiwa wamegusa kila hatua. Ghana na boksi la Nigeria zilitolewa angani 2017 kwa njia hiyo, Uganda na Zimbabwe mwisho wa 2022. Ni kweli maboksi yanayotolewa pale kituoni hayakai sana, yako kilomita 400 tu juu, hewa nyembamba ya kule inayavuta, mwaka mmoja au miwili yanashuka yanaungua. Mtu wa picha na waziri ataona limekwisha. Wa chuo cha All Nations Ghana walibaki na kituo cha kupokelea mawimbi chuoni na watu wanaojua kukiendesha.

Sasa dogo. Aje, asihamie uhasibu. Zile NOAA kama iliyotupa picha asizitafute, zote tatu zilizokuwa zimebaki zilizimwa 2025, tik-tok haipo tena na mimi iliniuma kama msiba. Atafute Meteor, satelaiti za hali ya hewa za Warusi, zipo kwenye megahezi 137 hiyohiyo na antena ileile ya V inafaa, picha yake ni nzuri zaidi ila haina ule mlio wa saa. Na asikilize megahezi 145.800, wakati mwingine kituo cha anga kinatuma picha kwa sauti, utasikia kama mashine ya faksi ya zamani. Akifika hatua ya kurusha mawimbi mwenyewe hapo aombe leseni ya redio TCRA, mamlaka ya mawasiliano, atapewa utambulisho unaoanza na 5H, asijifanye mjanja.

Na wiki ya kwanza chuoni asiulize kuna maabara gani, kila mtu atamwonyesha maabara. Aulize waliomaliza mwaka jana waliacha nini kimeandikwa na funguo iko kwa nani. Kama hakuna, aanze daftari lake, la karatasi, aandike hata vya aibu, sisi cha aibu ndo kilikuwa cha muhimu kuliko vyote.

Ile antena ninayo bado, ipo Nkuhungu nyuma ya nyumba, wife anaanikia soksi. Akija anicheki inbox aichukue, ila waya wa dishi aje na wa kwake.