Maji yanaingia, kioo ni kizima: maswali yenu kuhusu kutu ya windskrini

Tangu mvua za Aprili zishike huku kwetu, kila wiki naulizwa juu ya maji yanayoingia ndani ya gari, na mengi ya maswali hayo yanaishia pale pale, kwa ule ukingo wa bodi ambapo windskrini imebandikwa. Nimefanya kazi ya bodi hapa Kisumu miaka mingi na kitu kinaniuma roho ni kuona mtu amebadilisha kioo mara mbili mara tatu na hakuna fundi hata mmoja aliyemwambia shida si kioo, shida ni chuma kilicho chini yake. Haya, tuanze.

Niko Kakamega na Probox. Ikinyesha usiku, asubuhi kapeti ya upande wa abiria imelowa chapachapa. Windskrini ilibadilishwa mwaka jana baada ya kugongwa na jiwe. Fundi wa waya anasema ni AC. Ni kweli?

Ndugu yangu, AC inaweza kulowesha kapeti upande huo huo, manake ule mpira wake wa kutoa maji ukiziba yanarudi ndani. Lakini hayo maji huja ukiwasha AC, hata siku ya jua kali. Yako yanakuja na mvua gari ikiwa imepaki, kwa hivyo AC tuiache kando.

Kabla hujagusa kioo fungua boneti, angalia ile plastiki nyeusi pale chini ya waipa. Chini yake kuna njia za maji, na ukipaki chini ya mti majani yanajaa humo, yanaoza, yanakuwa kama matope ya shamba, maji yanakosa pa kwenda yanapanda mpaka yanaingilia tundu la hewa. Zoa hayo majani kwa mkono halafu mwaga jagi la maji uone kama linatoka chini nyuma ya tairi ya mbele.

Kama hapo ni safi, sasa tafuta mtu akae ndani na tochi, inua kapeti, wewe ukae nje na mpira wa maji usio na presha, maji yateremke tu polepole. Anza chini ya kioo, kaa hapo dakika 5, ndio uende pembeni, mwisho kabisa ndio uende juu. Ukianza juu maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Yule wa ndani aangalie kona za chini nyuma ya dashibodi na kwa nguzo za pembeni, na aangalie rangi pia. Maji yakiingia meupe, pengine ni gundi imeacha nafasi. Yakiingia na rangi ya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, hiyo ni kutu, na imeanza zamani kuliko unavyodhani.

Na usiiache ikae hivyo ati utavumilia mpaka mvua iishe. Pale chini ya dashibodi kuna fyuzi na soketi za waya, zikishaanza kuota ukijani utatafuta shida ya umeme mwaka mzima.

Gari yangu iko na vipele vidogo kwa rangi, hapo juu ya kioo cha mbele karibu na raba. Fundi hapa Nakuru anasema atapiga msasa apulize rangi, kazi ya asubuhi moja. Nikubali?

Hapana, usikubali. Hivyo vipele ni mwisho wa safari ya kutu, si mwanzo. Unachoona nje ni pale ilipotokea, yenyewe imelala chini ya raba na chini ya gundi. Akipiga msasa apulize, itapendeza kwa muda, halafu vipele vitarudi vikiwa vikubwa.

Elewa inavyoanza. Kioo cha gari za sasa kimebandikwa na gundi nyeusi kwa ukingo mwembamba wa chuma. Siku ya kukitoa, fundi anakata ile gundi kwa kisu ama kwa waya, na kisu kikiteleza kinakwaruza rangi mpaka chuma. Mkwaruzo mdogo tu, kama wa ukucha. Kama hakuupaka praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, kabla ya kuweka kioo kipya, maji yanayokaa chini ya raba yanaufikia, na kutu inaanza kutembea chini ya rangi ikiinua gundi taratibu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, inafura, ndio maana wengine wanaona kioo kimepata ufa kutoka pembeni bila jiwe lolote, wanabaki kulaumu barabara.

Kuna Corolla moja niliitoa kioo, mwenyewe alikuja kwa ajili ya ufa tu. Kwa kawaida hiyo gundi inakushinda nguvu, unavuta waya mpaka mikono inauma. Hiyo ilikuja yenyewe, kipande kama cha mkono mzima kikang'oka na rangi imeshikana nacho, na kwa upande wa chini ganda la kahawia tabaka juu ya tabaka kama ganda la kitunguu. Nikaligusa na bisibisi likamwagika kwa dashibodi. Chini yake kulikuwa na shimo, kidole changu cha mwisho kikapita. Gundi ilikuwa imeshika kutu vizuri kabisa, lakini kutu haikuwa imeshika gari. Na kumbuka kwa gari nyingi eabegi ya abiria, ule mfuko wa hewa, ikifura kwa ajali inaegemea hicho kioo ndio irudi kwa mtu, na gari ikipinduka kioo kinasaidia paa lisibonyee. Yule baba alikuwa anabeba watoto shule kila siku na kioo kimeshikwa na ganda.

Kwa hivyo mwambie fundi wako atoe kioo kwanza muangalie pamoja. Akikataa, tafuta mwingine.

Kwani silikoni ya kawaida ya hardware ina shida gani? Ni bei rahisi na inazuia maji.

Inazuia maji kwa muda, hiyo nakubali. Lakini nusa ile ya kawaida ikiwa mbichi, inanuka kama siki, na ni kweli, inatoa asidi ile ile ya siki inapokauka, na hiyo asidi ikikutana na chuma kilicho wazi inaongeza kutu badala ya kuizuia. Pili haina nguvu ya kushika kioo kwa ajali. Tatu, na hii ndio inatutesa sisi tunaokuja baadaye, ikishapakwa inaacha mafuta fulani kwa chuma, gundi ya kweli haishiki tena na hata rangi inakataa, mpaka ukwangue kila kitu upya. Itisha gundi ya windskrini, ya yurethani, ile nyeusi inayokuja kwa tyubu ama kwa pakiti kama soseji, na uangalie tarehe ya kuisha kabla hujalipa. Na tafadhali usipake oili chafu pale kwa ukingo. Chini ya gari wengi wanapaka, lakini hapo kwa kioo gundi haitashika kamwe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea Bungoma, nafanya mageti na pia bodi za pikap. Nimeletewa gari yenye kutu kwa fremu ya kioo. Nifanye aje isirudi?

Asante kwa kuuliza kabla ya kuanza, kaka. Toa kioo, toa raba, toa zile plastiki za pembeni na ushushe kitambaa cha paa mbele, manake cheche zikikiangukia utanunua kingine. Toa betri. Funika viti na dashibodi na turubai iliyoloweshwa, na ufunike vioo vya milango pia, cheche za grainda zinaingia kwa kioo zikaacha vidoti ambavyo havitoki hata ukisugua vipi.

Sasa kwangua gundi yote sehemu yenye kutu mpaka uone chuma kinang'aa, na uende mbele zaidi ya pale kutu inaishia kwa macho, karibu upana wa vidole viwili, manake inatembea chini ya rangi nzima. Mahali gundi ya zamani iko imara na rangi ni nzuri usiimalize yote, acha kama milimita 1 ama 2, gundi mpya inashika ya zamani vizuri kuliko kitu kingine chochote. Tumia brashi ya waya na msasa, grainda kwa uangalifu, ukingo ni mwembamba na ukila chuma kizima umejiongezea kazi.

Halafu gonga na ncha ya bisibisi. Kikibonyea ama kikitoboka, hapo hakuna dawa, kata. Usiweke fila, ile pasti ya kujaza mashimo, kwa shimo la ukingo! Fila inafyonza maji, na gundi ikishika fila, kioo kimeshikwa na fila. Kata mpaka chuma kizuri, tengeneza kiraka cha bati la unene ule ule, kitu kama milimita 0.8 hadi 1, na uchomelee vidoti vidoti ukiruka ruka, si mstari mmoja kama wa geti, manake joto likikunja ukingo kioo hakitakaa sawa, na kioo kisichokaa sawa kinapasuka. Sagia kiwe laini, na kabla ya rangi jaribisha kioo pale bila gundi, kikae bila kulazimishwa.

Ile dawa ya kubadilisha kutu, yenye asidi ya fosfori, inasaidia kwa vidoti vidogo vilivyobaki ndani ya mashimo madogo ya chuma. Kwa ganda haisaidii, inapaka juu tu. Fuata maagizo ya chupa, futa vizuri, ikauke. Kisha praima ya epoksi, ile ya kuchanganya mbili, ndio upake rangi kidogo kwa sehemu inayoonekana. Pale gundi itakaa usirundike rangi. Na subiri ikauke kama kopo linavyosema, hata mwenye gari akipiga simu mara 10. Gundi ikibandikwa kwa rangi mbichi itang'oka nayo.

Kitu cha mwisho ambacho wengi wanasahau: ulipochomelea, upande wa ndani wa ile nguzo rangi imeungua. Pulizia nta ya kuzuia kutu kwa matundu ya ndani baada ya kila kitu kupoa. Usipofanya hivyo kutu itarudi kutoka nyuma na watasema wewe ndio hukufanya kazi.

Nina Peugeot 504 pikap ya mzee, kioo kimeshikwa na raba nene bila gundi. Nayo?

Hapo ni rahisi zaidi. Raba ikizeeka inakauka na kupasuka, maji yanakaa ndani ya mfereji wake kwa kona za chini na ndiko 504 zinaoza. Toa kioo na raba pamoja, shughulikia chuma kama nilivyoeleza juu, na ununue raba mpya, usirudishe ile ya zamani hata kama inaonekana nzima.

Nataka kununua Forester iliyotumika Japan. Nitajuaje kama iko na hii kutu?

Ingia na tochi mchana. Angalia alama ndogo kwa kona ya kila kioo. Kama vyote vimeandikwa Asahi, kampuni ya vioo ya Japan, na cha mbele kimeandikwa kitu kingine, kimewahi kubadilishwa, na sasa unauliza nani alibadilisha na vipi. Si lazima iwe mbaya, lakini hapo ndio unaangalia zaidi. Inua raba kidogo na ukucha, nusa ndani kama kunanuka ubichi, shika kapeti chini kabisa sio juu. Angalia chini ya gari pia, manake sehemu za Japan zenye theluji kama Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani, na gari ya huko inaweza kufika Mombasa iking'aa juu na chini imeliwa.

Insurance italipa?

Kioo kikivunjwa na jiwe, kama una comprehensive yenye kipengele cha windskrini, ndio, mpaka kiwango kilichoandikwa. Kutu kwa kawaida hawalipi, wanaihesabu kama kuchakaa. Soma karatasi yako.

Kioo kimewekwa leo saa nne, fundi anasema naweza kutoka nayo saa hiyo hiyo. Nisubiri kiasi gani dada?

Angalia pakiti ya gundi, imeandikwa. Zingine ni saa 1, zingine zinataka siku nzima. Hii gundi inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewa, kwa hivyo hapa Kisumu inashika haraka kuliko Nakuru ya Januari kavu. Acha dirisha moja wazi kidogo siku ya kwanza, manake ukifunga mlango kwa nguvu ile hewa inasukuma kioo kutoka ndani. Tepu iliyowekwa juu usiitoe mpaka kesho, na car wash ya presha isubiri siku 2.